Mshipi ulionilia milioni moja na laki saba

Leo mwezi ni tisa, maji mafu, bahari haijai sana wala haitoki sana. Mwamba haukauki vya kutosha, wachokoaji wa pweza wamerudi kwenye ukili wao, na boti haina safari mpaka bamvua, yale maji makubwa, lianze. Siku kama hizi ndizo za kazi ya mashine ya boti. Jana jioni nahodha na baharia waliibeba kutoka pwani, kilo sabini na kitu, mmoja kashika kichwa na mwingine mguu, wakaifunga kwenye stendi ya mbao chini ya mwembe wangu, imesimama wima vilevile inavyosimama botini. Niliwaomba waiache hivyo usiku kucha. Nina sababu, nitaieleza mbele.

Kwa asiyenijua: nanunua pweza. Bamvua likiingia, boti yangu ya faiba inakwenda kisiwa cha Jibondo na masanduku ya barafu, inarudi Kilindoni kwa kuzunguka Ras Kisimani. Mashine ni Yamaha Enduro 40, ya kuvuta kamba, silinda mbili, ya kuchanganya oili na petroli. Lita hamsini za petroli, lita moja ya oili. Hesabu hiyo huku Mafia hata mtoto anayetumwa dukani anaijua. Lakini kuna oili ya pili, inayokaa ndani ya mguu wa mashine, chini kabisa karibu na propela. Haiungui, haichanganywi na kitu, hakuna taa wala king'ora cha kusema imeharibika. Nilikaa na boti miaka mitatu bila kujua kwamba ipo.

Nilikuja kuijua mwaka juzi, kusi limekolea. Tulikuwa tunarudi na pweza wengi kuliko siku zote, nami nilikuwemo botini kwa sababu siku ile kulikuwa na mzozo wa mizani na nilitaka kupima kwa mkono wangu. Karibu na Ras Kisimani mguu ukaanza kukoroma. Si mlio wa injini. Injini ilikuwa inaimba vizuri tu. Ulikuwa mkoromo wa chini, unaosikika kwenye mbao za sakafu, nyayoni, kabla haujafika masikioni. Nahodha akapunguza moto. Akaongeza tena. Kikasikika kishindo kimoja kama mtu amevunja nazi, halafu injini ikapanda sauti kwa ghafla na boti ikalala juu ya maji. Mashine inanguruma, propela haisukumi.

Tulitia nanga. Mkondo pale una nguvu, kamba ilikaza mpaka ikawa inalia. Tulikaa tangu alasiri mpaka magharibi ndipo mashua moja ikatuona na kutuvuta. Barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Pweza nilimuuza siku ya pili kwa bei ya hasara kwa watu wa kukaanga, na waliobaki nikawazika.

Fundi alipoufungua mguu kwenye ukumbi wake, kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa kitu cheupe, kizito, kama chai ya maziwa iliyopoa ikashika utando. Ndani yake kulikuwa na vipande vya meno. Gia ya kwendea mbele imebaki na meno upande mmoja, gia ndogo ya juu imenyolewa, beringi zimeota kutu nyekundu. Gia, beringi, sili (ile mipira ya kuzuia maji yasiingie mguuni) na ufundi vilinigharimu milioni moja na laki saba. Wakati huo lita nzima ya oili ya gia haikufika elfu thelathini, na mguu hauli hata nusu lita.

Mjomba alikuja kunipa pole. Ni mzee, aliwahi kuendesha mashine kwenye boti za uvuvi tangu enzi za Johnson na Evinrude, na mikono yake bado ina alama za kuungua. Hakuuliza bei. Aliiomba propela ya zamani, akaitazama kwa nyuma, halafu akamwambia fundi, "Nionyeshe shafti." Fundi akamletea. Mjomba akapitisha ukucha pale sili zinapokaa, akatoa kipete cheusi, kigumu, chembamba kama shanga. Akakikwaruza kwa kisu. Ndani kilikuwa cheupe kinachong'aa.

Mshipi. Nailoni ya kuvulia, iliyokuwa imezunguka shafti mara nyingi mpaka ikapata moto, ikayeyuka na kujishikiza yenyewe kwa yenyewe.

"Huyu ndiye aliyekufilisi, mwanangu," aliniambia.

Kisha akanieleza, na tangu siku ile naona mambo ya mashine kwa namna nyingine. Nguvu ya injini inashuka kwa shafti iliyosimama, inafika chini, inapaswa kukata kona kwenda kwenye propela iliyolala. Kona hiyo inakatwa na gia. Kwenye mashine yangu ile ndogo ina meno 13, inaisukuma kubwa yenye meno 26, kwa hiyo injini ikizunguka mara mbili propela inazunguka mara moja. Mashine ikiwa katika mwendo kamili inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Nguvu zote za farasi arobaini zinapita kwenye meno mawili matatu yanayogusana kwa wakati mmoja, chuma juu ya chuma. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando wa oili usiozidi unene wa karatasi. Maji yakiingia humo, utando unakatika.

Na maji yanaingiaje wakati mguu umefungwa? Hapo ndipo Mjomba alipochukua muda mrefu. Boti ikikimbia, gia zinapata joto, na oili ikipata joto inatanuka na kubana humo ndani. Boti ikisimama, mguu unapoa haraka baharini, oili inasinyaa, na mguu unaanza kuvuta. Sili zikiwa nzima, hauna cha kuvuta. Ukingo wa sili ukiwa umekatwa na mshipi, unavuta maji ya chumvi. Tone moja kila ukisimama. Kwa hiyo maji hayaingii wakati boti inakwenda mbio, yanaingia pale unapotia nanga na kuanza kupakia mzigo, umetulia kabisa.

Nikakumbuka kitu nikaumwa na roho. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku ile, asubuhi maji yakiwa shwari, nyuma ya boti palikuwa na rangi rangi zinaelea, kama zile za upinde wa mvua. Tuliziona sote. Tulisema ni petroli imemwagika wakati wa kujaza tangi. Palipotoka oili ndipo palipoingilia maji.

Tangu hapo oili ya mguu naibadilisha mwenyewe. Nahodha wangu ni mtu makini, simnyimi sifa, na fundi anaweza kuifanya kwa robo saa. Lakini oili inayotoka ndiyo barua pekee ambayo mguu unaniandikia, na nikimwachia mtu mwingine aimwage, barua imechanwa kabla sijaisoma.

Sasa, kwa nini niliiacha isimame usiku kucha? Mafundi wengi hupenda kuibadilisha ikiwa ya moto, mara tu boti ikirudi, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na inatoka yote. Ni kweli. Lakini ikiwa ya moto, kama kuna maji machache yamechanganyika humo huwezi kuyaona kwa urahisi. Ikisimama wima usiku mzima, maji yaliyo huru yanazama chini kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Asubuhi unalegeza skrubu ya chini kidogo tu, nusu mzunguko, bila kuitoa, na unaangalia nini kinatangulia. Mimi nachagua kusubiri oili nzito itoke polepole kuliko kuikosa habari hiyo.

Leo niliweka bakuli jeupe la plastiki chini yake. Jeupe, si kopo la rangi, maana nataka kuiona oili ilivyo. Bisibisi iwe pana, ijae kwenye mfereji wa skrubu toka mwisho mpaka mwisho. Bisibisi nyembamba inakula mdomo wa skrubu, na skrubu ikishaliwa unaanza kutafuta patasi na nyundo, na wenye boti kadhaa hapa pwani wameishia na tundu lililoharibika. Ikiwa imeshika, nagonga mpini wa bisibisi kwa nyundo mara mbili za adabu, kisha nazungusha. Mjomba ananikumbusha kila mara, na mimi nawakumbusha wenye mashine za zamani za Johnson na Evinrude: ukiona karibu na ya kumwagia kuna skrubu nyingine yenye kichwa cha msalaba, hiyo si ya oili. Inashikilia mambo ya kubadilishia gia ndani. Usiiguse.

Nililegeza. Kilichotangulia kilikuwa tone la oili, jeusi jeusi kidogo, bila maji. Nikavuta pumzi.

Nikaitoa skrubu ya chini yote. Oili haikushuka kwa nguvu, ilichungulia tu na kudondoka uzi mwembamba, kwa sababu juu pamezibwa. Ndipo nikafungua ya pili, ile iliyo juu zaidi ubavuni, chini ya bapa lililo juu ya propela. Ikaanza kumiminika. Mwenye haraka hufungua ya chini peke yake, akaona imeacha kutiririka, akadhani imeisha. Nusu inakuwa bado imo.

Wakati inashuka niliishika skrubu ya chini mkononi. Ncha yake ina sumaku, imewekwa makusudi ili ikusanye chuma. Leo ilikuwa na ndevu laini za kijivu, kama masizi ya sufuria yaliyolowa mafuta. Nikazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Zilikuwa laini kama wanja. Hilo halinitishi, gia zinazofanya kazi zinasagika kidogo. Kinachotisha ni kitu kinachochoma ngozi, punje, kipande chenye kona. Niliifuta sumaku kwa kitambaa mpaka ikang'aa.

Halafu oili yenyewe. Nikachukua tone kwenye kiganja, nikatoka kivulini, nikaliinamisha kwenye jua. Lilikuwa la rangi ya kahawa, linapenyeza mwanga pembezoni. Nikanusa. Oili ya gia ina harufu yake nzito, ya kibiriti, ambayo mpya na ya zamani zote zinayo. Iliyoungua ina harufu ya ukali inayopanda puani, kama kitunguu kilichosahaulika kwenye mafuta. Leo haikuwepo. Ingekuwa na weupe wa maziwa, hata kidogo, nisingetia oili mpya na kufunga kama wanavyofanya wengine wakisema tutaona mbele ya safari. Ningempelekea fundi. Fundi wangu ana njia nzuri: anaunganisha pampu ya baiskeli kwenye tundu la oili, anajaza upepo kidogo sana, anapaka povu la sabuni kwenye shafti ya propela na kila kiungo, na anaangalia povu linapumua wapi. Upepo mwingi unaweza kuivunja sili nzima, kwa hiyo anahesabu pampu zake taratibu kama anahesabu tasbihi.

Oili ikiendelea kudondoka niliivua propela. Hili ni nyongeza yangu, halimo kwenye kazi ya oili, lakini kwangu ndilo kubwa kuliko vyote. Unanyoosha pini, unaitoa, unafungua nati, unaivuta propela nje na washa zake, kila kimoja nakipanga kwenye kanga kuukuu kwa mpangilio kilivyotoka. Kisha natazama shafti inapoingilia mguuni.

Leo palikuwa na mshipi. Si mwingi, mizunguko mitano au sita, wa kijani, bado haujayeyuka. Nimeutoa kwa kibanio cha nyusi cha binti yangu na kuupima kwa mkono: dhiraa mbili na kitu. Kwa wiki mbili tu! Tangu mara ya mwisho kuitoa propela, mahali fulani kati ya hapa na Jibondo tumepita juu ya mshipi wa mtu, au wetu wenyewe uliokatika na kuachwa. Nilimwita nahodha aje auone. Hatukusemezana mengi. Aliuviringisha, akautia mfukoni, akaenda nao kwa vijana wa pwani. Najua alichokwenda kuwaambia, maana nimeshawaambia mimi pia: mshipi uliokatika unarudi nao nyumbani.

Shafti nikaifuta, nikaipaka grisi ya maji ya chumvi ili kesho na keshokutwa propela itoke bila kupigwa, nikairudisha kila kitu mahali pake. Pini natia mpya.

Kujaza kunafanywa kutoka chini kwenda juu, na hapa ndipo wanaojaribu mara ya kwanza wanaponiambia nimekosea. Nani anajaza kitu kwa chini? Lakini ukimimina oili kwa tundu la juu, upepo uliomo ndani hauna pa kutokea, unabaki kama povu kwenye mifuko ya gia, na unadhani umejaza kumbe umejaza nusu. Ukisukuma kutoka chini, oili inaufukuza upepo mbele yake mpaka unatokea juu. Mashine yangu inachukua mililita 430, na oili ni ya gia, SAE 90, daraja la GL-4, iliyotengenezwa kwa mashine za boti. Hiyo ya boti ina dawa za kuvumilia maji kidogo yakiingia. Nimeona watu wakitia oili ya injini iliyotoka kwenye pikipiki kwa kuwa ipo na ni ya bure. Sitaki hata kuwa abiria kwenye boti hiyo.

Sina pampu ya dukani. Natumia chupa laini ya sosi ya nyanya, iliyooshwa na kukauka kabisa, na mpira mwembamba uliobana kwenye mdomo wake. Nachomeka mpira kwenye tundu la chini, naminya taratibu, napumzika, naminya. Binti yangu kazi yake ni kuangalia tundu la juu. Mwanzo hutoka mapovu, "bado, mama," halafu oili yenye mapovu, "bado," halafu oili tupu inayoteremka ubavuni bila kupumua. Hapo nasubiri dakika kadhaa, upepo uliojificha upande, kisha naminya tena. Leo mapovu matatu yalitoka baada ya kusubiri. Yangebaki humo.

Mpira ukiwa bado chini, binti anafunga skrubu ya juu kwanza. Ikishakaza, ninavuta mpira na kuziba kwa skrubu ya chini kwa haraka, na kinachomwagika ni kama kijiko cha chai. Ni kama mtoto anayecheza na mrija kwenye dafu: akiziba juu kwa kidole, maji hayadondoki, akiachia, yanashuka yote. Alinieleza hivyo yeye mwenyewe, nami nimeuchukua mfano wake.

Skrubu zote mbili nilizifunga na washa mpya. Washa ni vitu vidogo, bei yake ni ndogo, na ile ya zamani imeshabonyea kwa umbo la kufungwa kwake kwa kwanza. Ukiirudisha, umetengeneza mlango mwingine wa maji baada ya kuziba ule wa mshipi. Kukaza ni kwa mkono mmoja ulioshika bisibisi vizuri, bila kuning'inia. Mguu ni aluminiamu, nyuzi zake hazivumilii hasira.

Oili chafu nimeitia kwenye dumu. Fundi seremala wa jirani huichukua kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Pwani simwagi. Ninachokula kinatoka kwenye mwamba ule.

Kuhusu muda, kitabu cha mashine kinasema mashine mpya ibadilishwe mapema, mara ya kwanza baada ya saa chache za kazi, kwa kuwa gia mpya husagika zaidi, kisha kila saa 100 au miezi sita, kinachotangulia. Mimi sifiki huko. Kwa safari zetu za bamvua mbili kwa mwezi nabadilisha kila miezi mitatu, na propela naivua kila maji mafu. Nimeandika tarehe ya leo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha mashine, chini ya tarehe nyingine saba.

Usiku huu mguu umekaa juu ya kipande cha boksi jipya, jeupe. Nimekwenda na tochi sasa hivi kabla ya kuandika haya, nikaliangalia. Kavu. Nitaliangalia tena alfajiri, kisha nahodha na baharia watakuja kuibeba. Barafu nimeshaagiza.